Vidole Chini ya Kikoi

Miaka ile ya hamsini, Idi ya kuchinja ikikaribia, Unguja ilikula mbuzi wetu kuliko sisi wenyewe. Walishuka garimoshini kutoka Ugogo, wakaswagwa mpaka mnadani upande wa Msimbazi, wakakaa siku mbili tatu wakitafuna maganda ya ndizi ya Kariakoo, kisha wakavushwa bahari. Mimi nilikuwa dalali. Sikufuga hata kwato, lakini kila mbuzi aliyeuzwa aliniachia kitu mfukoni.

Biashara yenyewe ilifanywa kimya. Muuzaji, au mimi kwa niaba yake, na mnunuzi walisimama uso kwa uso, kikoi kikafunika mikono yao, bei ikasemwa kwa vidole. Kushika kidole kizima ni shilingi kumi. Kubonyeza ncha ni moja. Mdomoni mlizungumza mvua na afya ya wazazi. Mpita njia hakuambulia kitu. Ndiyo maana kila mnunuzi aliamini amepata bei nafuu kuliko mwenzake, na mimi sikumvunja moyo hata mmoja.

Mwaka ninaousema alikuja tajiri wa Unguja, mfuko umenona. Wateja wake wa huko walikuwa wameagiza madume matupu. Alinunua asubuhi, akanunua jioni, na kila alivyonunua ndivyo nilivyosukuma vidole. Bei ikapanda mpaka wachinjaji wa Kariakoo wakaacha kunisalimia. Mwenye hoteli mmoja wa Mchafukoge, aliyezoea kuniwekea supu yenye mnofu, akaanza kuniwekea maji yaliyopitiwa na mfupa.

"Unalalamika nini?" nikamwambia. "Bei ikipanda, nchi inatajirika."

"Nchi gani?" akauliza. "Hii ninayoipikia mimi, au ile wanakokwenda mbuzi?"

Nikamlipa, nikahesabu chenji yangu mara mbili, nikaondoka.

Wiki hiyo hiyo mke wangu akajifungua binti, mtoto wetu wa kwanza. Siku ya saba huwa ni akika: anachinjwa mbuzi mzima asiye na kilema, watu wanakula, mtoto anapewa jina. Wa kiume huchinjiwa wawili. Nilimshukuru Mungu kwa binti. Kwanza kwa uzuri wake, na sababu ya pili mmeshaijua.

Nikatenga dume jeusi, zuri. Jioni tajiri akalipenda, na bei aliyonibonyeza chini ya kikoi ilikuwa tamu mno. Nikaona niliuze, kesho ninunue jingine, na kitakachozidi kitanunua sukari ya chai ya wageni. Kesho yake nikatenga jingine. Nalo likafuata njia ile ile. Ni maradhi yetu madalali: hatuwezi kuona bei nzuri inapita bila kuipa mkono.

Siku ya sita nikaenda mnadani, nikakuta vumbi na kinyesi. Mabehewa yalikuwa yamefika usiku, ila watu wa tajiri walikuwa wameshayanunua palepale stesheni, behewa kwa behewa, mbuzi hawajakanyaga chini, wakawaswaga moja kwa moja hadi zizini kwake ukingoni mwa mnada. Na nyumbani mchele ulishachambuliwa, wageni walishaalikwa, na mama mkwe alishashuka kwenye lori kutoka Kilwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbuzi wa mjukuu wangu yuko wapi, nimtazame kama hana kilema?"

"Yuko mnadani, mama." Haukuwa uongo. Nilichokiacha ni kumtaja mwenye mbuzi.

"Basi twende."

Tukaenda, mimi nyuma, kichwa kinapiga hesabu.

Katika zizi la tajiri, katikati ya madume, alisimama jike mmoja mweupe, mnene, anatafuna kamba. Ile haraka ya kununua mabehewa mazima ndiyo iliyomwingiza. Hakuna aliyeinama kutazama. Tajiri alikuwa akiwafokea watu wake. Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alishaniambia kwamba kwenye akika jike anafaa sawa na dume, madhali ni mzima. Nikauvaa uso wa mtu aliyetoka kunyoosha miguu, nikamsogelea tajiri, tukafunika mikono.

"Unguja kuna mvua?"

"Ya kutosha," akajibu, akanishika vidole vinne.

Nikamshika kimoja. "Na mzee hajambo?"

"Hajambo," akasema, akavirudia vinne vyake, safari hii kwa nguvu.

Mama mkwe akachoka kungoja. "Mkwe wangu, mbona mnashikana mikono kama maharusi? Kesho siku ya saba, mtoto hana mbuzi, na wageni wameshafika!"

Chini ya kikoi nikasikia kidole changu cha tano kinashikwa.

"Kumbe una mtoto," tajiri akasema. "Hongera sana."

Mtu hamnyamazishi mkwewe. Nikatazama chini. Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa anajifunga kanga vizuri.

"Bwana, huyu jike unampeleka wapi?"

"Unguja, mama."

"Wamemwagiza?"

"Hapana. Wameagiza madume."

"Kwa hiyo atakula majani yako, atapanda chombo kwa nauli yako, na akifika hana anayemtaka. Au unampeleka kutembea?"

Waliokuwa zizini wakaangua kicheko, na watu wa tajiri ndio waliocheka zaidi. Tajiri akamtazama yule jike. Jike alikuwa amemaliza kamba, sasa ameanza upindo wa kanzu yake. Chini ya kikoi vidole vikaanza kuniachia: cha tano, cha nne, cha tatu. Vikabaki viwili, na ncha tatu zikabonyezwa. Nilitaka kuzipunguza na zile ncha, mazoea tu. Mama mkwe akakohoa. Nikakubali.

"Lakini kesho nakuja kula," akasema tajiri, akipukuta kanzu.

Akaja kweli. Mbuzi alikatwa kiungo kwa kiungo bila kuvunjwa mfupa, kama desturi ya akika inavyotaka. Mnunuzi wa ngozi za kupelekwa Ulaya naye alinusa, akapiga hodi. Mkono wangu ukaanza kutafuta kikoi wenyewe. Kumbe mama mkwe alishaipaka ngozi chumvi iwe msala wake wa kusalia. Ya akika haiuzwi, akanikumbusha, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Binti akapewa jina la bibi yake. Tajiri akala sahani nne. Nilihesabu tena, zikawa nne. Zile shilingi alizonipunguzia zilirudi kwake zote kwa njia ya pilau. Alipoinuka kuwahi chombo chake, akamwambia mama mkwe:

"Mama, twende Unguja ukanifanyie udalali."

"Nifuate nini huko," akajibu, "na wewe tajiri wao umekuja kula huku?"

Mke wangu alicheka nyuma ya pazia mpaka mtoto akaamka.