Kiingereza cha Ukumbi wa Video

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi huko Timau, miaka ya tisini, nilipompeleka mdogo wangu Mutwiri mbele ya meneja wa shamba la maua. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule darasa la sita, nikawa nakata waridi shambani humo ili wadogo zangu wasome. Nafasi ya karani ilikuwa imetokea. Mutwiri akiipata, dada zetu wawili wangebaki shuleni. Akiikosa, basi.

Sikuwa na shaka, mwanangu. Alipokuwa akisoma Meru mjini, Mutwiri alikuwa akishinda kwenye ukumbi wa video katika mtaa wa Majengo, akarudi na Kiingereza cha puani, cha haraka kama mvua ya mawe. Nikimwuliza kuhusu vitabu, anacheka: "Sista, wachana na vitabu. Wale wa video ndio wenye lugha." Majirani walimsifu. Debe tupu haliachi kuvuma, na asiyejua husema limejaa. Mimi ningejuaje?

Meneja alimwuliza swali. Mutwiri akajibu kwa mbwembwe, mabega juu. Meneja akaangua kicheko, akauliza tena, polepole. Mutwiri akatazama sakafu.

"Mutwiri amesema nini?" nilimnong'oneza nyapara wetu, Mzee Kaaria.

"Ameulizwa maua yakichelewa kupakiwa atafanya nini. Amesema asiyenyoosha mikono juu atapigwa risasi."

Nje, mzee alimwambia bila ukali: "Kijana, una Kiingereza cha kuua watu. Cha kuomba kazi huna."

Muhula uliofuata dada zetu walikuwa nami shambani, miiba ikiwachoma vidole. Mutwiri hakutamka Kiingereza tena, hata kile kidogo alichofundishwa na walimu. Mpaka leo mgeni akiingia, yeye hutoka kwa mlango wa nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nakuona na simu yako, mwanangu, ukiwaigiza watu wa video fupi, na nausikia ule ukumbi wa Majengo. Sikukatazi. Nimekataza wengi, na sijaona aliyesikia. Ila lugha ni jembe: usilibebe begani kwa maringo kabla hujalima nalo. Soma kitabu mpaka mwisho. Andika barua, mwalimu aisahihishe. Jifunze kueleza kazi ya mikono yako.

Mungu akuvushe pale sisi tulipokwama, na siku utakapoulizwa, akujalie la kujibu.