Jibu la Neno Moja

Baba yangu alifundisha Kiingereza katika shule za msingi mpaka alipostaafu, na kanuni yake ilikuwa moja: jibu kwa sentensi kamili. Ukiulizwa anga lina rangi gani, husemi "bluu" ukaketi. Unasimama, unanyoosha mgongo, unasema anga lina rangi ya bluu. Aliyejibu kwa neno moja alibaki amesimama mpaka amalizie. Mimi mwenyewe nilipita darasani kwake, na siku moja nilisimama kipindi kizima kwa sababu ya ng'ombe. Aliuliza ng'ombe hutupatia nini, nikasema "maziwa". Nikakataa kuongeza neno, naye akakataa kuniketisha. Jioni tulirudi nyumbani pamoja bila kusemeshana, mimi nimebeba madaftari yake.

Miaka mingi baadaye nikiwa muuguzi katika zahanati moja huko Nyakakika, nilipata nafasi ya kwenda nje kuongeza masomo ya ukunga. Barua ilikuja na sharti: kwanza nifaulu mtihani wa Kiingereza, ule unaofanywa kwenye kompyuta. Kusoma na kuandika hakukunitisha sana. Kilichonishinda ni sehemu ndogo tu, ya maswali mafupi ya kujibu kwa mdomo. Sauti inakuuliza mara moja, hairudii, nawe unatakiwa kutoa neno moja au mawili. Ukikaa kimya sekunde chache, maikrofoni inajifunga na swali linalofuata linaingia.

Nilipakua maswali ya mazoezi kwenye simu, nikajaribu siku moja baada ya kliniki, akina mama walipokwisha ondoka na watoto wao. Sauti ikauliza ni kifaa gani hupima joto la mwili. Themometa ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Lakini mdomo ukaanza safari yake: kifaa kinachotumika kupima joto la mwili ni... Kabla sijafika, nikawa nimekwisha ulizwa jambo lingine. Muuguzi mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.

Siku zangu za mapumziko nilipanda bodaboda nikaenda kwa wazazi, Igurwa. Nilimkuta Baba barazani na Mama pembeni yake akimenya maharage mabichi. Nilipokwisha waamkia, nikaeleza shida yangu, nikamwekea Baba sauti ile asikilize. Alisikiliza maswali matano kichwa kimeinama, kisha akanirudishia simu.

"Huyu anayeuliza hana adabu," alisema. "Na anayejibu hivyo hana adabu zaidi."

"Baba, ni mashine."

"Mashine imetengenezwa na nani? Mtu akikuuliza, unamjibu kama mtu. Neno moja si jibu, ni kumtupia mtu kitu."

Mama, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, aliuliza mashine inataka nini hasa. Nikamweleza. Akamenya ganda moja, la pili, kisha akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, mtoto anataka kwenda shule. Wewe unataka sentensi."

Baba aliondoka akaenda kukagua migomba yake. Nikadhani yameishia hapo.

Asubuhi alikuja na daftari. Alikuwa ameichukua simu yangu nikiwa jikoni, akasikiliza swali moja moja na kuyaandika yote kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama mistari ya rula. Aliketi, akavaa miwani, akaniambia nisimame. Kisha akajisahihisha: "Hapana, kaa."

Mama ndiye aliyekuwa saa yetu. Baba akishamaliza kusoma swali, Mama anapasua ganda, na jibu linatakiwa kutoka kabla maharage hayajagusa bakuli. Maneno yenyewe hakuyajua, lakini nikichelewa hakunionea huruma.

"Yameanguka," anasema.

Hata hivyo siku ya kwanza nilishindwa, na kosa halikuwa langu peke yangu. Nikijibu "themometa", Baba aliendelea kunitazama, nyusi zimeinuliwa, akingoja sehemu iliyobaki. Uso ule niliujua tangu utotoni. Ulinivuta, nikajikuta namalizia sentensi.

"Mwalimu, tazama pembeni," Mama akasema.

Baba akageuza kiti akanipa mgongo. Tangu hapo akawa anauliza maswali yake kuelekea kibanja chake cha migomba, kwa sauti ya darasani, mimi nikimjibu nyuma yake. Jirani mmoja aliyepita njiani alisimama, akaangalia mwalimu mstaafu anayeihoji migomba kwa Kiingereza, akasema "Shikamoo, Mwalimu," akaenda zake haraka.

Siku nyingine liliulizwa swali la majira: ni majira gani hufuata baada ya yale ya theluji. Nikajibu kwa wakati. Mama akataka kujua theluji inakaa ardhini muda gani. Baba akamwambia, miezi.

"Miezi yote hiyo ng'ombe wanakula nini?"

Baba alikuwa amefundisha majira yale manne miaka yote, na hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza hivyo. "Sijui," alisema. Akafunga daftari, akalishika magotini. Kisha akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mara moja tu katika maisha yake, alisema, mgeni mwenye Kiingereza chake cha kuzaliwa alimsimamisha barabarani akamuuliza njia ya kwenda kanisani. "Nilimwandalia sentensi nne nzuri. Nikiwa kwenye ya pili, akanyoosha kidole kulia, nikaitikia kwa kichwa, akaondoa gari."

Alicheka mwenyewe kwanza, nasi tukafuata. Nilimuuliza kama anaikumbuka siku ya ng'ombe na maziwa. Hakuikumbuka.

"Niliwasimamisha wengi," alisema. Kisha akauliza, "Ulisimama sana?"

"Kidogo tu," nikamdanganya.

Mtihani niliufanyia Mwanza. Baba alinisindikiza mpaka stendi ya Kayanga akiwa amevaa koti lake la kanisani, akasimama pale mpaka basi likaondoka. Ndani ya chumba cha mtihani tulikuwa watu kama kumi, kila mmoja na vifaa vyake masikioni, wote tunaongea kwa pamoja kama soko. Maswali mafupi yalipofika, nilifumba macho nikajiwazia ule mgongo wa Baba. Swali moja sikulisikia kabisa kwa sababu ya kijana wa jirani yangu aliyekuwa akipaza sauti. Nikasema neno la kwanza lililonijia. Mengine niliyajibu, na yote yakaisha upesi kuliko nilivyotarajia.

Matokeo yalinikuta zahanati nikipima watoto uzito. Nilikuwa nimefaulu. Kuongea nilivuka alama zilizotakiwa kwa nafasi nzuri. Kuandika nilivuka kwa kuponea chupuchupu. Jioni nilifika Igurwa, Mama akapiga vigelegele mpaka nyumba ya pili wakatoka nje. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanipeleka ndani kama mgeni.

Baba aliomba simu. Alivaa miwani akausoma ukurasa wote, pamoja na yale masharti madogo madogo ya chini ambayo mimi sikuyagusa. Alinipa mkono, akaushikilia mkono wangu muda mrefu. Halafu akarudi juu ya ukurasa.

"Kuandika mbona umepata kidogo hivi?"

"Lakini nimefaulu, Baba."

"Huko unakokwenda utaandika kila siku. Lete karatasi."

Mama alituita kula mara mbili kabla hatujanyanyuka.