Kanga Haitwi Akiwa Mtini

Enzi zetu mtu hakumwita kanga kabla hajashuka mtini. Nayasema haya kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya ibada kule Queensburgh, huku ugenini, niliwakuta vijana wa kwaya wakiwapigia kanga wa barabarani sauti ya kanga kutoka kwenye simu, bila kupumzika. Ndege wakapanda juu ya paa.

"Eish, Maman, hawa ndege iko wajinga," kijana mmoja akaniambia.

Nikamuuliza ameita mara ngapi. Hakuwa amehesabu.

Mimi nilifundishwa na baba yangu kule kwetu Fizi, nikiwa na miaka tisa. Mama alikuwa amejifungua siku tatu nyuma, amelegea, maziwa hayatoki, na nyumbani hamkuwa na kitoweo ila sombe, majani ya muhogo. Bibi alisema mzazi anataka mchuzi wa nyama. Basi alfajiri baba akachukua upinde, nami nikabeba mishale. Tukachuchumaa kwenye nyasi zenye umande, karibu na mti walimolala kanga. Baba hakuanza kazi yoyote bila sala, akaomba kwa kunong'ona. Alipomaliza, nami nimelelewa kanisani, nikaitika kwa sauti kubwa kama kanisani: "Amina."

Kundi zima likaruka, kila mmoja upande wake. Nililia nikimfikiria mama. Baba hakunipiga.

"Nyamaza, binti yangu. Kanga hapendi kukaa peke yake. Sasa watatafutana."

Tukakaa mpaka jua likafika kwenye nyasi. Siafu walinipanda miguuni, sikuthubutu kujikuna. Ndipo akakunja viganja mdomoni, akaita kama jike, sauti mbili, ya pili ikipanda. Mara tatu tu. Akanyamaza. Muda mrefu baadaye mmoja akaitika bondeni, kisha akaja mbio, shingo mbele, na mshale ukampata. Mchana ule mama alikunywa mchuzi, na kesho yake mdogo wangu akanyonya akashiba.

Vijana wa leo wana sauti safi kuliko mdomo wa baba, ila kunyamaza dakika moja kunawashinda, hata wakati wa maombi vidole vinacheza. Wanaita kama wauza sabuni sokoni, halafu mjinga ni kanga. Namshukuru Mungu simu hizo hazikuwako Fizi asubuhi ile. Mama angeletewa video ya kanga wakikimbia, na mtoto akalala na njaa.