Kavira Mapendo Grâce: nilivyoisaka schema ya XML ndani ya programu, mtandao ukiwa umekatwa

Wakuu, mtoto wa miaka sita alikataliwa na kompyuta kwa sababu ana majina matatu. Mbele ya kompyuta hiyo nilikaa mimi, kwa hiyo nasimulia nilichokiona.

Nirudi nyuma.

Vita vilipoufikia mji wao huko Kivu ya Kaskazini, Mama Grâce, muuzaji wa maharage kwa jumla, alikuwa huku Lubumbashi na mzigo. Binti yake, Kavira Mapendo Grâce, alikimbia na bibi, wakapotezana njiani.

Parokia yetu ya Hewa Bora inaandikisha watoto kama hao. Programu inatoa faili la XML, linatumwa kwenye kituo cha kuunganisha familia.

Programu ilikuwa na nom (jina la kwanza kuandikwa) na prénom (la ubatizo) tu. Tukaongeza postnom, jina la kati, kwa mkono ndani ya faili, kama tulivyozoea Wakongo.

Jibu la programu: "non valide", yaani faili si sahihi. Kosa liko wapi, haisemi.

Nilihitaji schema, yaani faili la XSD linaloeleza nini kinaruhusiwa na kwa mpangilio gani. Anwani yake ilikuwa ya mtandaoni, na mtandao ulikatwa tangu fujo zianze mjini hapa.

Papa Ilunga, tunayejitolea naye, akaguna: "Ordinateur yako iko sawa camion ku mupaka ya Kasumbalesa. Unafika, unalala. Tosha postnom, futa, faili ipite."

Mama Grâce, aliyeketi kando yetu, akashika meza. "Hapana, papa. Kwetu ba Kavira beko bengi, na ba Grâce bengi. Ukitosha Mapendo, utaniletea mutoto ya mwenzangu."

Nikawaza: ikiwa programu inakataa faili bila mtandao, basi schema imo humu humu. Nikatafuta *.xsd kwenye folder yake. Hamna.

Kumbe imeandikwa kwa Java. Mafaili hufungwa ndani ya .jar, na .jar ni zip tu. Nikanakili moja, nikaifungua. XSD hii hapa.

Nikaielekeza validator, kikaguzi cha XML, kwenye nakala hiyo. Kosa likajitaja: postnom haitambuliki. Lakini baada ya prénom paliruhusiwa "autreNom" (jina jingine), ambayo kwenye skrini haionekani. Mapendo akaingia hapo.

Valide. Mama akafanya ishara ya msalaba.

Nilichojifunza: schema mara nyingi husafiri na programu yenyewe, tazameni hadi ndani ya .jar. Na msipunguze jina la mtu ili faili lipite.

Aliyewahi kufanya kazi upande wa kituo, atueleze huko wanaandikaje majina.

Maana mtandao umerudi, tumewatumia faili, na wamejibu. Wanao akina Kavira Grâce wawili. Hakuna aliyeandikiwa jina la tatu.