Viroba Viwili vya Mchanga

Jumatano nilikuwa kwa fundi wa matairi hapa Kasulu, nikisubiri pancha yangu izibwe. Mzee mmoja mwenye pikapu kuukuu alikuwa akisoma simu kwa sauti: habari za gari la michezo ambalo bado halijatoka.

"Wanasema litasukumwa na magurudumu ya nyuma, kama hili langu. Gia za mkono. Viti viwili tu."

Fundi akacheka. "Sasa mzee wangu, kwenye tope la Kitahana nani atapanda nyuma kulikandamiza?"

Huku kwetu ndivyo tufanyavyo masika: abiria hurundikana nyuma ili matairi yashike. Nikachungulia pikapu ya mzee. Nyuma mlikuwa na viroba viwili vya mchanga.

"Unajenga?" nikamuuliza.

"Hapana. Zamani walikuwa wanapanda mama watoto na wanangu. Mama yao tulimzika kule Titye, watoto wako Dar. Nikaweka mchanga."

Wavumishaji wa magari hutuambia kila kitu, hata nguvu ya injini, ila hawasemi kiti cha pili atakikalia nani.

Mzee alipanda, akageuka kuviangalia viroba vyake.

"Haya," akaviambia, "twendeni nyumbani."