Mama Haulizi Habari za Damu

Usiku ule Adolphine hakulala. Alikaa kwenye kigoda nyumbani kwake Mikelenge, mjini Kindu, simu mapajani, akisubiri habari za binti yake Bibiche aliyekuwa ng'ambo ya mto, Alunguli, kwa shangazi yake Odette. Mtoto alikuwa na damu ya mwezi isiyokatika, siku ya tisa sasa. Simu ya Odette ilikuwa imezimwa tangu mchana, na gizani mitumbwi haivushi watu.

Jioni jirani yake Adèle, akitoka ng'ambo, alimwachia neno moja tu: "Mama Bibiche, nimemuona Bakari anaingia kwa wifi yako na chupa zake."

Neno hilo lilimchafua roho. Hofu ilikuwepo, lakini kinyaa kiliizidi. Watu wa chupa, waganga wa mizizi, aliwajua. Harufu yao alikuwa nayo puani zaidi ya miaka ishirini.

Na aliyempeleka mtoto huko ni yeye mwenyewe. Katika ukoo wao mama haulizi habari za damu. Binti akivunja ungo, ni shangazi, dada ya baba, anayemfundisha kufunga kitambaa, anayemhesabia siku, anayempa dawa. Mama hujifanya hajui. Vitambaa vikianikwa nyuma ya choo, anavipita kama hakuviona. Adolphine alivipita siku saba. Aliona vinazidi, akamwona Bibiche anashika ukuta kila anapoinuka, akanyamaza. Siku ya nane alimfungia nguo na kumwambia, "Nenda ukasalimie shangazi yako." Ndiyo njia ya heshima ya kulisema jambo hilo. Sasa aliijutia heshima hiyo.

Mwaka elfu mbili na mbili, vita vilipouzunguka mji wa Kindu, Adolphine alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwenda shambani kulikuwa kutafuta kifo, basi watu walikula walichokipata uani: majani ya viazi yaliyochemshwa, bila chumvi, bila mafuta. Damu yake ikakosa kuja mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Shangazi yake Euphrasie hakuuliza mtoto amekula nini. Aliuliza ni askari gani.

Akapika dawa ya pilipili, tangawizi na mzizi ambao hakuutaja jina. Haikuwa ya kunywa. Iliingizwa nyuma, kwa kibomba cha mpira. Wasichana nyumbani walikuwa watatu na kibomba kimoja. Kilisuuzwa kwenye beseni lile lile la kunawia mikono wakati wa kula, na mdomo wake ulikuwa na utando wa mafuta ambao Adolphine anauona hadi leo akifumba macho. Dawa ilimuunguza kama kaa la moto. Alihara siku sita, akatoka damu mahali pasipostahili kutoka damu.

"Umeona?" Euphrasie alisema, ameridhika. "Uchafu unatoka."

Aliyemwokoa ni Mama Aïcha, mjane Mwislamu wa nyumba ya nyuma. Alimtazama mikono na shingo tu. "Mutoto huyu iko na njaa," alisema. "Damu haitoke mu mizizi. Inatoka mu sufuria." Njia zilipofunguka kidogo, akamlisha sombe, majani ya muhogo, iliyotiwa mawese, maharagi, dagaa, viwavi vikavu, chochote alichopata. Tumbo likimsokota, alimpa kikombe cha maji ya moto ya tangawizi, ya kunywa kwa mdomo kama mtu, na kitambaa cha moto cha kuweka chini ya kitovu. Baada ya miezi mitatu damu ikarudi.

Tangu hapo Adolphine alipanda lengalenga, yaani mchicha, na tangawizi kuzunguka nyumba, na wake za watu wa mtaa walikuja kumwuliza. Wasichana wa wenzake aliwaambia kila kitu. Wa kwake alikuwa mwiko.

Alfajiri alivuka na mtumbwi wa kwanza.

Uani kwa Odette alimkuta Bakari ameketi anakula ndizi. Chupa zilikuwa miguuni pake, zimezibwa kwa vigunzi vya mahindi, zikinuka kama maji ya kulowekea mihogo yaliyosahauliwa wiki nzima. Juu ya kikapu cha mizizi kililala kibomba chekundu, mpira umepasukapasuka. Adolphine alitema mate.

"Mama, usitemee dawa," Bakari alisema akitafuna. "Hii iliponyesha muke wa pasta."

"Hicho kitu uliosha wapi?"

"Dawa inajiosha yenyewe."

Odette alikuwa anagonga mlango wa chumba. "Afazali umekuja, wifi. Mutoto wako amejifungia tangu jana. Aliona kibomba, akatia komeo. Hata maji hakunywa."

"Bibiche," Adolphine aliita. "Ni mama."

Kisha sauti, nyembamba: "Ni wewe ulinituma kwa hii."

Aliweka kiganja kwenye mbao. Alijua kwamba mtoto akizimia mle ndani watachelewa kumfikia, na kwamba kubembeleza hakutamtoa.

"Bibiche, tangu jana umebadilisha vitambaa vingapi?"

Odette alimvuta mkono. "Wifi, hiyo si kazi yako. Utaletea mutoto mikosi."

Bakari aliacha kutafuna, akainamisha uso. Mwanamume aliyezoea kusukuma mpira ndani ya mabinti za watu aliona haya kusikia neno kitambaa.

"Kumi na moja," Bibiche alijibu.

"Damu iko na mabonge?"

"Iko."

"Na kichwa?"

"Nikisimama naona giza."

"Basi usisimame haraka. Tunaenda kituo cha afya, wasimamishe damu kwanza. Halafu nitakulisha mimi, kwa mukono wangu. Hiki cha Bakari hakitakugusa."

"Mama. Ulikuwa unajua?"

Odette alimkazia macho. Jibu la heshima lilikuwepo, na wote pale walilijua.

"Nilijua," Adolphine alisema. "Vitambaa niliviona siku zote saba. Nilinyamaza."

Ndani, miguu iliburuzwa polepole, mkono ukipapasa ukuta. Komeo lilikwama, likasukumwa tena, na mlango ukafunguka.