Chenza kwa Mikono Miwili

Mtu akimenya chenza karibu nami, harufu ikinifika tu, masikio yananiwaka moto. Mnisamehe, chenza lenyewe halina kosa.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi chumba kimoja mtaa wa Al Garhoud, huko Uarabuni, mimi, baba na mama. Mama alikuwa msafishaji katika shule niliyosoma, na kwa sababu ya kazi hiyo nilipunguziwa ada. Kila asubuhi, kabla hatujafika getini, alinikumbusha: "Ukishaingia, hatujuani. Khalas." Mimi niliuona mchezo, na niliucheza vizuri.

Siku hiyo Mwalimu Lin, Mchina mcheshi, alitufundisha mila za mwaka mpya wa kwao. Tulikatakata karatasi nyekundu za mapambo hadi sakafu haionekani. Akasema mtoto humwamkia mkubwa kwanza, na kitu humpa kwa mikono miwili, maana mkono mmoja ni dharau. Nilishangaa mno, nilidhani mambo hayo aliyatunga bibi yangu kule Tabora. Mwalimu akanikabidhi chenza, nimwoneshe mkubwa yeyote heshima hiyo. Mlango ukafunguka. Mama aliingia na ufagio kuja kuzoa makaratasi.

Malezi ya bibi yakanizidi nguvu. Nikapiga magoti mbele yake, nikanyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo, mama."

Mama alishtuka hata ufagio ukamponyoka. Kisha akalipokea chenza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, "Thank you, madam." Akaokota ufagio, akaendelea kufagia.

Wenzangu wakacheka wakidhani nimeigiza, na Mwalimu Lin akanipigia makofi. Mimi nilibaki nimepiga magoti, nimepigwa na butwaa. Shikamoo yangu haikuitikiwa, tena na mama yangu mzazi. Jioni sikula. Baba alipouliza kulikoni, mama alisema, "Mwache, atakua."

Nimekua kweli, na mshtuko haujaniisha, ila umehamia kwingine. Wenzangu wale walikuwa na yaya nyumbani, nao walijua vizuri mtoto wa yaya huketi wapi. Mama alilijua hilo kabla yangu. Mtu mzima mwenye heshima zake alimwita mwanawe madam mbele ya watoto, ili mwanawe asije akaitwa mtoto wa msafishaji. Nami nilimnunia wiki nzima.